Mtaimbo Wangu na Dira ya Sekela

Kosa kubwa kuliko yote niliyoyafanya katika kazi ya mawe nililifanya nikiwa nimeshastaafu, nimeshaagwa kwa soda na keki, na nimeshapewa saa ya ukutani ambayo mpaka leo inachelewa. Naanza na kosa hilo kwa sababu ninyi vijana mnaosomea uhandisi wa miamba, mkija kunitembelea hapa Tunduma, mnanipa sifa nyingi mno. Mnakaa, mnakunywa chai yangu, mnasema, "Babu, wewe ni maktaba." Sawa. Maktaba nayo ina vitabu vyenye makosa, na kimoja nakifungua leo.

Sikuwa mhandisi. Sikuwa hata mtu wa baruti, ingawa najua ndiyo mnayopenda kusikia habari zake. Baruti ni kelele na vumbi vya dakika moja, kisha wanaitwa watu kama mimi kusafisha kilichobaki. Nilikuwa msimamizi wa kikosi cha mawe, na chombo changu kilikuwa mtaimbo, chuma kirefu kunizidi, ncha yake bapa. Mlima ukishakatwa ili barabara ipite, mimi na wenzangu tulisimama mbele ya ukuta ule, tukaugonga kipande kwa kipande, tukasikiliza, tukaangusha jiwe lililolegea kabla halijajiangusha lenyewe kichwani kwa mtu. Mwamba mzima ukiugonga unalia kwa sauti kali, na mtaimbo unakurudi mkononi. Uliolegea unaitika kwa sauti nzito na tupu, kama unagonga kabati lisilo na kitu. Ukiisikia mara moja hutaisahau.

Aliyenifundisha ni Fundi Mateyo, mtu wa Msangano, mfupi, mkimya, mwenye viganja vipana kama sahani. Hakuwahi kunikalisha chini akanipa somo. Siku yangu ya pili kazini nilikaa kivulini chini ya ukuta nile ugali na maharage. Kilikuwa kivuli kizuri sana. Fundi Mateyo akaja, hakunisalimu, akachukua sahani yangu akavuka nayo barabara. Nikainuka kumfuata kwa hasira, maana nilikuwa na njaa ya kijana. Nilipoifikia sahani, yeye akageuka, akarudi na mtaimbo wake, akaanza kugonga juu ya pale nilipokuwa nimekaa. Pigo la tatu likashusha bamba la jiwe pana kama mlango. Alipomaliza alikuja akakaa karibu yangu, akala maharage yangu mpaka mwisho.

"Kabla hujakaa, gonga," akasema. Hiyo ndiyo hotuba ndefu aliyoitoa wiki ile.

Mengine niliyapata kwa kumwangalia. Unaanza kugonga ukiwa umesimama chini ya sehemu uliyokwisha kuigonga, kisha unasogea polepole. Mtaimbo unaushika pembeni mwa mwili, kamwe si mbele ya tumbo, kwa sababu jiwe likiteleza juu ya chuma litakufuata. Kabla ya pigo la kwanza unatazama nyuma uone utakimbilia wapi, na kama kuna ndoo njiani unaiondoa. Mvua ikinyesha usiku, ukuta wa jana si ukuta wa leo, hata kama jana uliugonga wote. Na watu wawili hawafanyi kazi mmoja juu ya mwenzake, hata wakiwa ndugu wa tumbo moja.

Kuna siku Fundi Mateyo alisimamisha malori kwenye mkato mmoja wa mlima si mbali na hapa. Foleni ikawa ndefu, wale madereva wa Zambia wakaanza kupiga honi. Mmoja akateremka kabisa, akamfuata. "Mudala, leka tupite!" akapaza sauti. Anamwambia mzee tuachie tupite. Mateyo akamtazama tu, akaendelea kugonga. Lilipoanguka, lilianguka jiwe ambalo tulihitaji mashine kuliondoa barabarani. Dereva akalizunguka mara mbili, akavua kofia. "Natotela, mukwai," akasema kwa upole, asante mzee, akarudi kwenye lori lake.

Basi, nilirithi sikio lile na mtaimbo wa namna ile, na nilipostaafu niliomba nibaki nao. Nikitembea Tunduma nao mkononi, watu huniita Mzee Mtaimbo. Nilipenda hivyo. Ndiyo maana mwalimu mmoja wa chuo aliponipigia simu, kabla hajamaliza kueleza nilikuwa nimeshakubali.

Kulikuwa na mashindano ya vikundi vya wanafunzi. Vikundi vyote vilipewa ukuta mmoja wa mwamba, juu ya barabara inayopanda kwenda milima ya Ileje. Kila kikundi kiupime, kisha kibuni namna ya kuukata upya na kuushikilia ili usimwangukie mpita njia: ukatwe kwa mlalo gani, maji ya mvua yapitishwe wapi, nondo za kushikilia mwamba zitobolewe kwa kina gani. Kwanza wangewasilisha ripoti ya vipimo. Baada ya wiki mbili wangesimama Vwawa mbele ya majaji watatu, wahandisi wenye uzoefu, na kueleza ubunifu wao. Ukitaka kubadili kilichomo kwenye ripoti ya kwanza uliruhusiwa, ila ueleze sababu. Kila kikundi kilitoa wasemaji wawili, na wasemaji wa kikundi kitakachoshinda wangepelekwa kufanya mafunzo kwa vitendo kwenye mradi mkubwa wa barabara ya milimani. Nafasi kama hiyo, ninyi mnajua zaidi yangu, wengine wanaitafuta mpaka wanamaliza chuo bila kuipata.

Kikundi nilichopewa nikishauri kama mzee wa kazi kilikuwa na watu watatu. Joshua wa Hasamba alikuwa kiongozi, kijana anayeongea kama anasoma taarifa ya habari. Hamisi, mtoto wa msafirishaji wa hapa Tunduma, alikuwa mtu wa kompyuta. Aliniambia waziwazi kwamba akisimama mbele ya watu magoti yanamsaliti. Wa tatu alikuwa Sekela, Mndali wa Ileje, binti mtaratibu, anayeandika kila kitu mara mbili. Wasemaji walikuwa Joshua na Sekela. Mpimaji alikuwa Sekela.

Siku ya kupima tulifika asubuhi. Niliugonga ukuta wote kwanza, wakasimama mbali kama nilivyowaagiza, na nawaambia ukweli, nilifurahi. Nilikuwa na hadhira. Kisha Sekela akaanza kazi yake. Anaweka ubao mdogo bapa juu ya uso wa jiwe, anaweka dira juu yake, anasoma tabaka linainama kuelekea wapi na kwa kiasi gani, anaandika, anasogea. Mimi nilisogea naye. Kila aliposimama nilisimama upande wake wa kulia, mtaimbo nimeusimamisha karibu na kiwiko chake, namsimulia habari za Mateyo na maharage, za dereva wa Zambia, za mvua. Alikuwa anacheka na kuandika. Tulikwenda hivyo ukuta mzima.

"Babu, unanichosha kwa kicheko," alisema. "Nitakosea namba."

"Hutakosea," nikamwambia. "Nipo."

Ripoti ikapelekwa. Jumatatu ya wiki ya mashindano, saa tisa alasiri, walinialika chuoni niwasikilize wakifanya mazoezi. Hamisi akafungua kompyuta, akanionyesha ule mwamba wetu umechorwa kwa rangi, unaugeuza unavyotaka kama chungwa. Nikautazama. Mimi michoro si lugha yangu, lakini ukuta ule nilikuwa nimeugonga wote kwa mikono yangu, na nilikumbuka matabaka yake yanavyoshuka: yanaitazama barabara, kama bati la paa linavyoutazama ua. Kwenye kioo yalikuwa yameinama upande, yanashukia kwenye bonde.

"Mbona yameangalia huko?" nikauliza.

"Ndivyo vipimo vinavyosema, babu," Hamisi akajibu. "Ndiyo maana tumebuni mkato mwepesi tu. Matabaka yangekuwa yanashukia barabarani, hapo ndiyo ingekuwa balaa."

Nikamkumbuka mpimaji mmoja wa barabara, zamani sana, mtu wa maneno makali. Nilikuwa nimempitia karibu na mtaimbo begani, akanigeukia: "We mwenye chuma! Toka hapo, unanivurugia dira!" Wakati ule nilimwona anajidai. Nilimsema kwa wenzangu wiki nzima, tukamwiga sauti. Sasa, pale chuoni, nikiwa na kikombe cha chai mkononi, nikaelewa alichokuwa akisema. Mshale wa dira unafuata sumaku ya dunia, lakini ukiusimamishia chuma kikubwa karibu, unavutwa pembeni. Na nilikuwa nimeusimamishia chuma siku nzima, kila kipimo, upande uleule.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sentensi moja ilitosha. Badala yake nikasema, "Sijaridhika. Kesho tukapime tena."

Kesho yake niliuacha mtaimbo nyumbani. Waliponiuliza, nikajibu kwamba mgongo unauma. Niliugonga ukuta kwa nyundo ndogo ya mbao na kwa macho, nikawapitisha sehemu ambazo nilikuwa na hakika nazo, na Sekela akapima upya. Alipofika kipimo cha tano nilimwona anageuza kurasa za daftari lake kurudi nyuma. Akatazama dira, akatazama daftari. Akaita wenzake.

Vipimo vyote vilikuwa vimehama. Matabaka yalikuwa yanashukia barabarani.

"Sasa siku ile ulikuwa unasoma nini?" Joshua akamuuliza.

"Nilisoma kilichokuwepo."

"Kilichokuwepo ndicho hiki. Umeona?"

"Labda nilishika ubao vibaya," akasema Sekela. Alisema kwa sauti ndogo, kisha akanitazama. Alitegemea nitasema kitu, kwa sababu siku ile yote nilikuwa kando yake. Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Kamba ilikuwa imefungwa.

Mnaweza kuniuliza kwa nini. Nimejiuliza pia. Nilijiambia kwamba kosa limeshapatikana, michoro itarekebishwa, hakuna aliyeumia. Nilijiambia kwamba mtu mzima akianza kuungama mbele ya watoto watampuuza hata kwa yale anayoyajua. Yote hayo yalikuwa maneno ya kujipamba. Ukweli ni kwamba nilipenda kuitwa maktaba, na niliona aibu.

Jioni ile Joshua alimtoa Sekela kwenye usemaji. Hakumtukana, hakumpigia kelele. Alisema tu kwamba majaji watauliza kuhusu vipimo, na haitafaa ajibu mtu aliyevikosea, kwa hiyo Hamisi atasimama badala yake, magoti au hapana. Sekela alikubali kwa kichwa. Akaomba apewe kazi ya kubeba kielelezo, ule mfano wa mlima walioutengeneza kwa gundi na karatasi. Mimi nilikuwepo. Nilisema, "Haya, fanyeni kazi," nikaondoka.

Walifanya kazi kwelikweli, hilo lazima niliseme. Siku mbili walibuni upya kila kitu. Ukuta ukatwe kwa ngazi, mlalo wa kila ngazi ufuate mlalo wa tabaka ili lisibaki jiwe lililokatwa miguu. Mfereji juu kabisa unase maji kabla hayajaingia kwenye nyufa. Nondo zipite matabaka mpaka kwenye mwamba imara nyuma yake. Sekela aliubomoa mfano wa karatasi na kuujenga upya peke yake. Ukiniuliza mimi niliyeugonga ukuta ule, ningewatembeza ng'ombe wangu chini yake bila wasiwasi.

Ijumaa tukaenda Vwawa. Ukumbi ulijaa wanafunzi, walimu na wazazi wachache. Joshua aliongea vizuri. Hamisi magoti yalimsaliti kama alivyoahidi, lakini aliyashikilia kwa kuegemea meza. Kisha jaji mmoja, mama mwenye miwani, akafungua ripoti yao ya kwanza.

"Vipimo vya mwanzo na hivi vya sasa vinapishana sana," akasema. "Na vinapishana kwa kiasi kilekile, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nini kilitokea?"

"Mwenzetu mmoja alikosea kusoma dira, mheshimiwa," Joshua akajibu. "Tuligundua, tukarudia, na tukambadilisha."

"Mtu akikosea kusoma, anakosea mara huku, mara kule. Huyu alikoseaje kwa usawa hivyo?"

Joshua akamtazama Hamisi. Hamisi akatazama meza. Nyuma, karibu na mlango, Sekela akasimama na ule mlima wake wa karatasi mikononi.

"Ni mimi niliyepima," akasema. "Sijui nilikoseaje. Nimefikiri siku tatu, sijui."

Nawaambia, vijana, nimewahi kusimama chini ya mawe ambayo yangeniua. Sijawahi kuogopa kusimama kama siku ile. Lakini niliinuka.

"Hajakosea," nikasema. "Alisoma sawasawa. Mimi ndiye niliyesimama karibu yake na mtaimbo siku nzima. Chuma changu ndicho kilichovuta dira. Nimejua tangu Jumatatu, na sikumwambia mtu."

Mama jaji akavua miwani. Hakunigombeza. Akaomba dira iwekwe mezani, akamtuma dereva wake kwenye gari akalete kipande cha chuma, akaleta mkono wa jeki. Akanipa. Nikausimamisha kando ya dira kama nilivyosimama siku ile, na mshale ukajongea, watu wote wa mbele wakauona. Nikauondoa, ukarudi. Nilifanya hivyo mara tatu, maana waliokaa nyuma nao walitaka kuona. Sikuwahi kupata hadhira kubwa kama ile.

Majaji walitoka, wakarudi. Kikundi chetu kilipewa nafasi ya pili. Mama jaji alieleza bila kuzunguka. Michoro ya mwisho, alisema, ilikuwa bora kuliko yote iliyoletwa. Lakini walikuwa na vipimo viwili vinavyogombana, wakachagua kimoja bila kujua kwa nini kingine kilikosea, na badala ya kutafuta sababu wakatafuta mtu. "Mngeandika mstari mmoja tu wa sababu," akasema, "tungekuwa tunawapongeza sasa hivi." Alipokuwa akisema hayo aliwatazama wao. Mimi nilijua mstari ule ulikuwa wa nani.

Kwa hiyo mkisikia wazee wakisema kosa ni kosa, yaliyopita yamepita, msikubali. Mtaimbo wangu haukuwakosesha kitu. Kosa la mtaimbo lilirekebishika kwa siku moja. Kilichowakosesha nafasi ni siku zangu nne za kunyamaza. Mkikosea, semeni siku hiyohiyo, mkiwa bado mmeshika chombo mlichokosea nacho. Na mkiona vipimo vimegombana, ulizeni kwanza siku ya kwanza kulikuwa na nini ambacho siku ya pili hakikuwepo. Hata kama kilichokuwepo ni mzee mnayempenda.

Nje ya ukumbi Joshua alimfuata Sekela. "Nimekukosea," akasema. "Nilipaswa kukuuliza, nikakuhukumu."

"Nimekusikia," Sekela akajibu. Hakusema amesamehe, na sikuona kwamba alipaswa kusema.

Kisha akaja kwangu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuumiza."

"Ndiyo," akasema. Akatazama chini, akageuzageuza simu mkononi. "Jumanne nilimpigia mama. Nilimwambia naacha masomo, narudi nyumbani, kwamba kazi hii siiwezi. Nikamwambia mtu asiyeweza kusoma dira ataua watu barabarani. Alilia."



"Nikimwambia mimi sasa hivi kwamba sikukosea, atadhani najitetea," akaendelea. "Mwambie wewe."

Akabonyeza namba, akanipa simu. Pale pale, mbele ya Joshua na Hamisi na wazazi wa watu. Ikaita mara mbili, akapokea mama mwenye sauti ya mtu aliye shambani nyuma ya nyumba.

"Shikamoo, mzee," akasema nilipojitambulisha.

"Marahaba, mama. Nimepiga kukuambia kwamba binti yako hakukosea. Alipima vizuri kuliko mtu yeyote. Kosa lilikuwa langu, chuma changu kilivuta dira yake, nikajua, nikanyamaza mpaka leo."

Nikasikia jembe likiwekwa chini.

"Ngoja kwanza, mzee," akasema. Nikasikia anaita watu, mlango ukifunguliwa, kuku wakifukuzwa. "Baba yake yuko hapa, na bibi yake. Na jirani tuliyemwambia. Nimeweka sauti kubwa. Sasa anza upya, polepole."

Nikaanza upya.